Umepima? Wanaofundisha bure kutunza vidimbwi vya Mombasa

Jumamosi moja ya Februari, kaskazi ikiwa imeshika, nilikuwa Kiembeni barazani kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli za Shanzu. Saa kumi na mbili na robo asubuhi simu yake ikalia. Aliyepiga ni kijana anayetunza kidimbwi cha kuogelea kwenye nyumba ya kukodisha wageni huko Nyali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona kibarua kikimponyoka. Kidimbwi alichokiacha jioni kikiwa safi kimeamka kijani. Wageni wanaingia saa nane mchana. Mwenye nyumba yuko Nairobi na ameshapiga mara mbili. Kijana amekwisha kufungua ndoo ya klorini, anataka tu kuambiwa atie makopo mangapi.

"Usitie kitu, mwanangu," mzee akamwambia. "Umepima?"

Kimya. Kisha: "Sijapima, ami. Matone ya kipimo yaliisha tangu Desemba."

Mzee hakumgombeza. Alimwelekeza nyumba ya tatu kutoka hapo, kwa mama mmoja mwenye kipimo kamili, akamwambia abishe hodi taratibu, aazime, apime, kisha apige tena. Baada ya dakika ishirini hivi majibu yakaja: klorini hakuna kabisa, pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, 8.2. Mzee akavuta kiti. Akamweleza kwamba maji yakiwa na pH ya juu namna hiyo, klorini atakayotia itafanya kazi chini ya moja ya tano ya nguvu zake, kwa hiyo aanze na asidi kidogo kidogo, pampu ikizunguka, kisha apige brashi kuta zote na ngazi, ndipo atie klorini. Pampu isizimwe mchana wala usiku. Chujio lioshwe kila likizidiwa. Na leo, akasema kwa sauti ile ile ya upole, kidimbwi hicho hakiogelewi.

Hapo ndipo kijana aliposhikwa na hofu. Atamwambiaje tajiri? Mzee akaomba namba ya mwenye nyumba, akampigia yeye mwenyewe.

Hajawahi kumwona mwenye nyumba huyo. Hakulipwa kwa simu ile, wala hakutarajia kulipwa. Kwa dakika kumi na mbili alimfafanulia mtu asiyemjua, aliyekuwa Nairobi, kwa nini maji yaliyofifia yanaweza kumficha mtoto aliyezama, na kwamba kanuni ni moja dunia nzima: usipoliona vizuri tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, mtu asiingie.

Nimewafuatilia watu wa aina hii kwa muda sasa. Hawana ofisi, hawana usajili, hawana mwenyekiti. Ninaowafahamu mimi hawafiki kumi, kuanzia Mtwapa hadi Likoni, na kila mmoja wao ana watu wanaompigia au wanaomtumia picha ya maji kwenye simu alfajiri. Wengine ni wastaafu wa hoteli. Mmoja ni mwalimu wa kemia wa shule ya upili Kisauni, ambaye hata kidimbwi hana, ila huchukia kuona hesabu ikikosewa. Wote wameniomba nisiwataje majina, na ombi lao naliheshimu.

Niliwajua kwa sababu ya macho ya wapwa zangu. Siku ya pili ya Idi niliwapeleka kwenye kidimbwi cha kulipia, pahali nisipotaka kupataja, na baada ya saa moja macho ya wote watatu yalikuwa mekundu kama pilipili. Harufu ya dawa ilikuwa imejaa hewani. Nikamwendea kijana aliyeshika wavu, nikamlaumu: mbona mmetia klorini nyingi hivi? Akaangalia kushoto na kulia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mato yawawasha? Basi klorini haitoshi, haijazidi."

Nilidhani ananidanganya. Baadaye nilisoma, nikauliza, nikakuta amesema kweli tupu. Klorini iliyo huru majini haina harufu kali kiasi hicho. Inapokutana na jasho na mkojo hushikana navyo ikazaa kloramini, na hiyo kloramini ndiyo inayonuka na kuwasha. Kidimbwi kinachonuka "dawa" kimezidiwa na watu, na klorini yake imemalizika kazini. Kinachohitajika ni klorini zaidi, kwa kipimo, wakati watu wametoka. Nilimuuliza kijana alijifunzia wapi. Akanitajia mzee wa Kiembeni.

Nadhani neno lenyewe tunalotumia limetupotosha. Pwani nzima tunasema "kutia dawa." Kidimbwi kikichafuka, tia dawa. Kikipendeza, tia dawa kisichafuke. Na kitu kikishaitwa dawa, akili yetu huamini kwamba kikizidishwa kitaponya zaidi. Tulikuwa hivyo hivyo na malaria. Mtoto akipata joto alinunuliwa vidonge dukani, basi, mpaka mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Leo hata bibi zetu huuliza, "Amepimwa?" Kwenye vidimbwi hatujafika huko. Wanaojitolea ninaowazungumzia wanafanya kazi ya kutufikisha, kidimbwi kimoja kimoja, simu moja moja.

Chukua mfano wa kidimbwi cha nyumba cha urefu wa mita 10, upana mita 5, kina cha wastani mita moja na nusu. Hicho kinabeba lita 75,000. Ukitaka kupandisha klorini kwa miligramu moja kwa kila lita, unahitaji gramu 75 za klorini yenyewe, na kwa kuwa ile ya unga inayouzwa huwa na nguvu ya asilimia 65 hivi, utapima gramu 115. Basi. Hiyo haijazi hata kikombe cha chai. Mwalimu wa Kisauni amewaandikia vijana hesabu hii kwenye vipande vya kadi, kila mmoja na vipimo vya kidimbwi chake, wavibandike ukutani kwenye chumba cha pampu. Kabla ya kadi hizo wengi walikuwa wakitia makopo mawili ya maziwa kila jioni kwa sababu aliyewatangulia alifanya hivyo.

Kwa nini watu hawa wanaaminika kuliko wauzaji? Jibu langu ni kwamba hawana cha kuuza. Sina chuki na maduka ya dawa za vidimbwi. Yapo yenye watu waaminifu. Lakini mtu ambaye riziki yake ni ndoo ya kilo 40 atapata shida kukwambia uende nyumbani mikono mitupu, upige brashi na usubiri siku mbili. Mzee wa Kiembeni anaweza. Mara nyingi ushauri wake wa kwanza ni kutofanya lolote mpaka upime, na wa pili ni kufanya kitu kisichogharimu pesa: acha pampu izunguke, osha chujio, kata yale matawi ya mwarobaini yanayomwaga majani majini. Ushauri wa namna hiyo haununuliki dukani.

Na wakati mwingine ushauri wake unauma. Mfano ni vidonge. Vidonge vya klorini vinapendwa Mombasa kwa sababu ni rahisi: unaviweka kwenye kikapu kinachoelea, unakwenda zako. Ndani yake mna asidi ya sayanuriki, ambayo ina faida yake, kwani hukinga klorini na jua. Kwa jua letu la saa saba mchana, klorini isiyokingwa hupotea nusu yake ndani ya saa moja hivi. Tatizo ni kwamba kinga hiyo haipotei. Klorini inatumika na kuisha, asidi ya sayanuriki inabaki na kuongezeka. Kwa kila miligramu 10 za klorini kwa lita zinazotokana na vidonge, karibu miligramu 6 za asidi hiyo hubaki majini. Kidimbwi kinachotumia miligramu 2 za klorini kwa lita kila siku kitakuwa kimeongeza takriban 36 kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu umepita 100, na hapo klorini inakuwa kama askari aliyefungwa mikono: kipimo kinasema yupo, lakini mwani unaota mbele ya macho yake. Mwenye nyumba anaona kijani, anaagiza vidonge zaidi, na kila kidonge kinazidi kukaza kamba.

Tiba ni moja, kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Nusu ya lita 75,000 ni 37,500, yaani karibu maboza manne ya lita 10,000 kila moja. Kila mtu wa Mombasa anajua maana yake. Huu ni mji unaoletewa maji kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na bado mitaa mingi hukaa siku kadhaa bila tone kwenye bomba. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake ni magumu na mara nyingi yana chumvi, ukiyajaza kidimbwini yanaacha magamba meupe kwenye vigae. Kwa hiyo mzee anapomwambia kijana, "Mwambie tajiri amwage nusu," anasema jambo zito, na huwa analisema baada ya kuhakikisha mara mbili kwa kipimo. Huongeza onyo jingine ambalo sijawahi kulisikia kwa muuzaji: usikaushe kidimbwi chote wakati wa masika. Maji ya ardhini yakiwa juu, kidimbwi kitupu kinaweza kuinuliwa na kupasuka.

Yule mama mwenye kipimo ndiye ninayemstaajabia zaidi. Anatoka Mtopanga, ni mfanyakazi wa nyumbani Nyali. Mwaka 2020, hoteli zilipofungwa na wageni kukatika, mwajiri wake alimwachisha kazi mtunza kidimbwi, akampa yeye wavu na kumwambia, "Utakiangalia na hiki." Mshahara haukuongezwa. Hakujua hata pampu inawashiwa wapi. Alimpigia mtunza kidimbwi aliyefukuzwa, na yule bwana, ambaye alikuwa na kila sababu ya kukata simu, alikuja siku tatu mfululizo kwa miguu kutoka Bombolulu kumfundisha.

Nimeliona daftari lake. Ni daftari la shule la mwanawe, la mistari, lenye safu alizozichora kwa rula: tarehe, klorini, pH, mvua, watu. Safu ya "watu" aliibuni mwenyewe. Aliona kwamba Jumapili wakiogelea watoto kumi, klorini iliyokuwa 3 asubuhi inashuka chini ya 1 ikifika magharibi, na Jumatatu pasipo na mtu inashuka kidogo tu. Kwa hiyo alianza kuandaa kidimbwi Jumamosi usiku kulingana na idadi ya wageni anaowapikia kesho yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu vidimbwi, wa mwaka 2006, unaeleza jinsi wingi wa waogeleaji unavyoelemea maji. Mama huyu hajauona mwongozo huo. Alifikia jambo lile lile kwa penseli, kati ya kupika na kufua.

Ananionyesha vipimo vyake viwili vidogo vya plastiki. Anavisuuza kwanza kwa maji ya kidimbwi chenyewe. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, mbali na pale maji yanapoingilia, kwa kuwa maji ya juu huchomwa na jua na hayasemi ukweli wa maji ya chini. Anadondosha matone, anahesabu kwa midomo bila sauti, anafunika, anapindua taratibu. Mrija mmoja unakuwa manjano, mwingine mwekundu wa machungwa. Anavipandisha usawa wa macho, jua likiwa mgongoni. "Saba nukta nne," anasema. "Kama machozi." Ni kweli, machozi ya binadamu yana pH iliyo karibu kabisa na hiyo, na ndiyo sababu maji ya kiwango cha 7.2 hadi 7.8 hayamchomi mtu macho.

Tukizungumza habari za kujitolea, wapo wanaodhani ni desturi iliyotuletewa na mashirika. Katika mji huu hasa siwezi kulikubali hilo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, watu wakichota maji kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti, wakiosha miguu kabla ya kuingia na kuipangusa kwenye mkeka mnene. Maji hayo yalihitaji mtu wa kuyaangalia. Mpaka utoto wangu Mji wa Kale kulikuwa na watu waliosugua birika la msikiti kabla ya alfajiri, wakaondoa ule utelezi wa kijani pembeni, na hukuwasikia wakidai chochote. Walisema wanataka thawabu. Elimu inayowafaa watu ni miongoni mwa mambo matatu ambayo tumefundishwa kwamba hayakatiki mtu akishakufa, pamoja na sadaka inayoendelea na mtoto mwema anayekuombea. Mzee wa Kiembeni hakunitajia hayo. Mimi ndiye ninayeyaona kwake.

Hata dawa zenyewe si ngeni kwa majina. Shabu, ambayo kinyozi wa Majengo anakupaka kidevuni ukishanyolewa, ndiyo inayokusanya uchafu majini: unaitia jioni, unazima pampu, na asubuhi uchafu wote umelala chini kama zulia, unaunyonya na kuumwaga nje bila kuupitisha kwenye chujio. Mrututu, ile chumvi ya samawati, unaua mwani, ila ukizidishwa huacha madoa ukutani na kugeuza nywele nyeupe kuwa na rangi ya kijani. Magadi, yanayochimbwa na kusafirishwa kutoka Ziwa Magadi tangu zama za reli ya wakoloni, ndiyo yanayopandisha pH iliyoshuka. Nikiwasikia wazee hawa wakieleza kazi ya kila kimoja, naona kwamba elimu hii ina makao katika lugha yetu.

Nilimuuliza mzee kwa nini anajisumbua. Hakujibu kwa maneno. Alikunja mkono wa shati, akanionyesha kovu linaloanzia kwenye kifundo cha mkono na kupanda hadi karibu na kiwiko, ngozi ikiwa laini na yenye kung'aa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, wiki ya pili kazini. Aliambiwa apunguze makali ya asidi, akamimina maji juu ya asidi, ikachemka na kumrukia. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Msimamizi wake alimpa kitambaa, akamkata siku mbili alizokaa nyumbani. Tangu hapo kila anayempigia simu kwa mara ya kwanza, kabla ya jambo lolote, humkariria: asidi huyafuata maji, maji hayaifuati asidi. Na jingine: kopo la vidonge lisichote unga. Klorini ya vidonge na ile ya unga zikichanganyika, hata mabaki tu kwenye kopo lenye unyevu, zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ile ile iliyotumiwa kuua wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na vyumba vingi vya pampu Mombasa vimechimbwa chini ya ardhi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Mara ngapi nimeona humo ndani asidi na klorini zimewekwa rafu moja!

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowasifu watu hawa na kuishia hapo. Ukarimu wao ni wa kweli, lakini unafunika deni la mtu mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anayeshika vitu vya hatari vifaa vya kujikinga. Miwani, glavu, barakoa inayofaa. Katika nyumba kumi na moja za Nyali na Bamburi nilizoingia kwa sababu ya makala haya, glavu nilizikuta nne, miwani mbili. Matone ya kipimo, kitu kidogo kuliko vyote kwenye bajeti ya kidimbwi, yalikuwa yameisha katika nusu ya nyumba hizo. Mwenye nyumba anayekodisha kwa wageni na kulipwa kwa usiku hana udhuru wa kumwachia mzee aliyestaafu kazi ya kumfundisha mfanyakazi wake kwa vocha ya simu ya mzee huyo huyo.

Wapo wanaosema dawa ya hili ni cheti: asiye na cheti asiguse kidimbwi. Nawaelewa, na najua mafundi wa mabomba na waashi wanavyofaidika na mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unaopima mikono bila kujali umesoma wapi. Ningependa kuona mtihani kama huo kwa watunza vidimbwi. Lakini ukiweka cheti kwanza kabla ya kuweka vifaa na mshahara, wa kwanza kutolewa nje atakuwa mama wa Mtopanga na daftari lake, na atakayebaki ni kampuni yenye gari lenye nembo, ambayo huja mara moja kwa wiki na kutia dawa kwa kukisia. Anza na kitu ambacho afisa wa afya wa kaunti anaweza kukikagua kwa dakika tano: kipimo chenye matone ambayo hayajapitwa na wakati, na karatasi ukutani yenye namba za leo, imewekwa mahali anapoiona mzazi kabla mtoto hajavua viatu. Huduma nyingi za afya na za maji ziko mikononi mwa kaunti chini ya Katiba ya 2010. Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya.

Na maji hayasubiri. Klorini ya kiwango sahihi huua vijidudu vingi vya kuharisha kwa dakika chache, lakini kipo kimoja, kriptosporidiumu, ambacho kinaweza kustahimili zaidi ya siku kumi kwenye maji yenye klorini ya kawaida. Mtoto anayeharisha akiingia majini, anayejua hilo na kuwatoa wote ni yule aliyeshika wavu. Hakuna mwingine pale. Sisi tunamwita "kijana wa swimming," tunampa viatu vyetu atushikie.

Kidimbwi cha Nyali kilirudi kuwa safi Jumanne. Kijana alimtumia mzee picha ya tundu la chini, vitundu vyake vikihesabika. Mwenye nyumba alinunua kipimo kipya kama alivyoahidi kwenye simu, kisha mwisho wa mwezi akakikata kwenye mshahara wa kijana. Mzee amempigia tena kuhusu jambo hilo, mara tatu sasa. Hajapokea.